Usizitoe Nyuzi Zote kwa Mara Moja

Mtu akikuletea banjo na kukwambia, "Mama, nibadilishie nyuzi tu," usiliamini hilo neno "tu." Banjo inayotaka nyuzi huwa inataka na mambo mengine matatu ambayo mwenyewe hayajui, au anayajua na anakuachia wewe uyagundue. Kazi hii nimeifanya hapa Rumonge, kando ya ziwa, tangu nikiwa bibi harusi mpaka vidole vilipogoma kukamata uzi mwembamba. Sasa ninyi wawili mnaokalia benchi langu mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Haya, naandika. Sifa nilizopata naziacha, maana kila fundi hujisifu vya kutosha mwenyewe. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na siku mbili ambazo kazi hii ilinipima.

Mimi Mwajuma nilikuwa mshona nyavu. Niliolewa na Ramadhani, mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wetu wa ziwani, na kila asubuhi nilikaa barazani kwetu nikiziba matundu ya nyavu za wavuvi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Fundi Mikaeli, Mkristo aliyevuka ziwa kutoka upande wa Uvira. Alitengeneza saa, gramafoni, miavuli na kila chombo chenye nyuzi. Banjo na mandolini zilimfikia kutoka Magara, kutoka Gatete, hata kutoka milimani Bugarama. Lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Saa aliweza kuisikiliza, ila uzi hakuweza tena kuuona.

Siku moja alisimama mbele ya wavu wangu kwa muda mrefu.

"Mama, hiyo fundo unafunga bila kuangalia?"

"Niangalie nini, Fundi? Vidole vinaona."

"Basi kesho ukuje kwangu. Niko na kazi ya vidole vyako."

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, hakupenda hata kidogo. "Mwanamke na vyombo vya ngoma!" alisema. "Kwani nyavu zimekwisha ziwani?" Ramadhani aliuliza jambo moja tu: kama mke wa Fundi atakuwepo nyumbani. Atakuwepo. Basi, nikaenda.

Siku ile ya kwanza Fundi Mikaeli alinipa banjo ya nyuzi nne, nyuzi mpya nne, na koleo yenye mdomo mwembamba. Kisha akaingia ndani kunywa chai. Mimi nikafanya kama mtu anayefua: nguo zote chafu nje kwanza. Nikalegeza vigingi, nikazitoa nyuzi zote nne kwa mara moja. Pale pale kidaraja kikaanguka. Kidaraja ni kile kibao kidogo kinachosimama juu ya ngozi na kubeba nyuzi. Hakikushikizwa kwa gundi wala kwa msumari. Kinasimama kwa sababu nyuzi zinakikandamiza, na nyuzi zikiondoka, nacho kinaondoka. Sikujua kilisimama wapi. Nilikirudisha pale nilipodhani, nikafunga nyuzi, na chombo kikatoa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa.

Fundi alitoka na kikombe chake. Hakunigombeza. Alisema, "Sasa utafuta nyumba ya ule kibao kwa masikio," akarudi ndani.

Nilikitafuta mpaka adhuhuri. Gusa uzi kwa wepesi katikati ya safari yake, usikie sauti yake. Kisha ukandamize pale pale, usikie tena. Sauti mbili zikilingana, kidaraja kiko kwao. Ya pili ikipanda, kisogeze nyuma kuelekea mkia. Ikishuka, kilete mbele kuelekea shingo. Wakati adhana ya adhuhuri inaanza, zililingana. Tangu siku hiyo nabadilisha uzi mmoja, naukaza, ndipo naugusa wa pili. Na kabla ya yote nachora alama ndogo ya penseli chini ya miguu ya kidaraja. Nyinyi mna vyombo vya umeme vya kupimia sauti. Vizuri. Betri ikiisha, mtanikumbuka.

Mengine niliyapata kidogo kidogo. Uzi uzungushe kwenye kigingi mara tatu au nne, kutoka juu kwenda chini, usipandane. Uzi mpya unanyooka, kwa hiyo uvute kwa kidole, ukaze, uvute tena, mpaka utulie. Ngozi ya mbuzi hulegea unyevu wa ziwa unapopanda, na hukaza kiangazi, kwa hiyo iguse kwanza kabla hujaulaumu uzi. Na usipake mawese. Nasema hivyo kwa sababu ya bwana mmoja, mwenye shamba la michikichi, aliyesikia kwamba mafuta yanazuia kutu. Alizipaka nyuzi zake mawese kama anapaka mkate. Aliponiletea banjo, siafu walikuwa wameanzisha mtaa ndani yake.

Halafu ukaja mwaka wa uhuru. Kikundi cha mtaa wetu kilipangiwa kupiga kwenye uwanja wa mpira siku ya sherehe. Mpiga banjo alikuwa Selemani, fundi cherehani, mtu mpole mwenye mkono mzito. Alipiga nyuzi kama mtu anayepiga mlango wa jirani aliyelala. Wiki ile nyuzi mbili zilikuwa zimekwisha, na dukani hakuna. Waliosafiri hadi mji mkuu, Usumbura, walirudi mikono mitupu, maana kila kikundi cha nchi kilikuwa kinatafuta nyuzi kwa siku ile ile.

Fundi Mikaeli alikuwa hawezi tena kufanya kazi kwa macho, lakini alijua. "Tafuta waya wa breki ya baiskeli," aliniambia. "Ule wa ndani. Ufumue."

Waya wa breki niliujua mmoja tu, na ulikuwa kwenye baiskeli ya mume wangu.

"Na mimi nitasimama vipi?" Ramadhani aliuliza.

"Rumonge ni tambarare."

"Na nikienda Bugarama?"

"Bugarama ni kupanda. Hutahitaji breki."

"Na kurudi, Mwajuma?"

Nilimnyooshea koleo. Alinitazama, akacheka, akaenda kuileta baiskeli mwenyewe. Nilifumua waya, nikachagua nyuzi zilizonyooka, nikazivuta kati ya misumari miwili siku nzima zikiwa zimening'inizwa jiwe. Uzi mwembamba ni waya mmoja. Uzi mnene ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, na kuzisokota hivyo zisikwaruze kidole ni kazi ya mshona nyavu. Nilifunga zote mbili, moja baada ya nyingine.

Siku ya uhuru uwanja ulijaa mpaka watoto wakakaa juu ya matawi. Bendera ilikwisha kupanda. Kikundi chetu kikaanza, watu wakapiga makofi, na katikati ya wimbo wa pili nikasikia kitu kikilia kama mjeledi. Ulikuwa uzi wa kwanza, mwembamba kuliko wote. Ulikatika palepale kwenye kitanzi cha kushika mkia, mahali nilipoupinda mimi.

Selemani aliendelea na nyuzi tatu, lakini wimbo ule ulipanda juu ya uzi wa kwanza, na alikuwa anageuza shingo huku na huku kama mtu aliyepoteza kiatu. Nilikuwa nimekaa na wanawake. Waya wa akiba ulikuwa kwenye pindo la kanga yangu, na koleo pia. Sikufikiri sana. Ningefikiri, nisingesimama.

Nilivuka uwanja mbele ya watu wote, mwanamke peke yake, nikapiga magoti mbele ya Selemani. "Shika shingo," nilimwambia. "Usitikise." Mwimbaji alinitazama, akaelewa, akarudia kiitikio, na ngoma zikamfuata. Nilifunga kitanzi kipya, mara hii bila kukibana kwa koleo. Nilikizungusha kwa vidole. Nikaupitisha juu ya kidaraja, nikaukaza, nikauvuta, nikaukaza. Waliimba kiitikio kile mara nyingi hata watu wakafikiri ndivyo wimbo ulivyotungwa, wakaanza kuitikia wenyewe. Selemani alipogusa uzi ukajibu safi, uwanja mzima ulipiga kelele. Sijui kama walishangilia uzi au uhuru. Nilichukua sehemu yangu.

Niliporudi kwa wanawake, Bi Zuhura alikuwa ameketi wima. Aliwaambia waliokuwa karibu, kwa sauti ya kuhakikisha wanasikia, "Yule ni mke wa mwanangu." Hakulitaja tena suala la nyavu. Wiki iliyofuata Fundi Mikaeli alinikabidhi sanduku lake la vifaa mbele ya mkewe. "Mimi nimebaki na masikio," alisema. "Vitu vya mikono chukua weye." Baada ya miaka miwili alirudi kwao ng'ambo, akafia huko. Mungu amrehemu.

Kuanzia hapo wateja walikuwa wangu. Mmoja wao ni mtu ninayetaka mumjue.

Mwalimu Lazaro alifundisha shule ya Gatete. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi kila siku. Wateja wengine walikuwa wanaacha chombo na kuondoka. Yeye alikaa mpaka mwisho na kuuliza. Kwa nini huu kwanza? Kwa nini mara tatu na si mara sita? Nikimjibu, aliandika kwenye daftari. Nilimwambia, "Mwalimu, unataka kuninyang'anya kazi?" Akasema, "Hapana, mama. Mwanafunzi akiniuliza nisiseme sijui." Alikuwa na banjo nzuri, na kwenye ngozi yake, karibu na mkia, aliandika kwa wino, kwa ule mwandiko wa ubaoni: *Lazaro, Mwalimu, Gatete.* Nilimgombeza kwamba wino unaharibu ngozi. "Watoto wangu wote wanaandika majina kwenye vitu vyao," alisema. "Nikiacha mimi wataacha na wao." Mkewe Konsolata alikuwa mcheshi zaidi yake. Walikuwa na binti, Esperansi, na baadaye akaja wa kiume.

Mwezi wa Aprili mwaka 1972 Mwalimu alileta ile banjo, nyuzi zote nne zimeshika kutu. Alisema atapita Jumamosi.

Jumamosi ile haikuwa Jumamosi ya mtu yeyote. Watu wenye mapanga walipita mwambao wetu, wakaua. Majirani zetu Watutsi waliuawa majumbani mwao na barabarani. Kisha jeshi likaja, na kuua kukawa kwa upande mwingine, na hakukukoma. Wahutu waliosoma waliitwa kwa majina: walimu, makarani, wauguzi. Waliitwa kama watu wanaoitwa mkutanoni, na walivaa mashati safi kwenda. Katika mtaa wetu pia watu walichukuliwa. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu hiki ni kitabu cha kazi, na kwa sababu kuna majina ambayo bado siwezi kuyaandika.

Konsolata alifika kwangu asubuhi moja kupitia michikichi, mtoto mgongoni, Esperansi mkononi. Esperansi alikuwa na miaka kama sita na alikuwa na kikohozi.

"Mwalimu wamemuita juzi," Konsolata alisema. "Hajarudi, mama. Nimeambiwa nami natafutwa."

Niliwaingiza jikoni, nyuma ya pazia. Ramadhani alitoka bila kuvaa viatu, kumtafuta mvuvi mmoja tuliyemwamini, awavushe kuelekea Kigoma jua likizama. Alisema wamsubiri kwenye michikichi karibu na maji. Hakuwa amefika mbali nilipowasikia askari. Walikuwa wawili. Mmoja alibaki barabarani, mwingine akaingia. Alikuwa kijana, bunduki begani, amechoka.

"Mke wa mwalimu wa Gatete amepita huku," alisema. "Iko wapi?"

"Hapa anapita kila mtu, afande. Ni karakana."

Akazungusha macho. Banjo ya Mwalimu ilikuwa mkekani karibu na kibao changu cha kukalia, kifudifudi, jina limelala chini.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Piga tusikie."

Hapo ndipo nilipokuwa na shida, maana mimi sijui kupiga. Nyinyi mnajua. Miaka yote hii sijawahi kupiga wimbo mmoja. Natia sauti, namkabidhi mwenyewe, basi.

"Sipigi, afande. Mimi ni fundi. Nabadilisha nyuzi."

"Mwanamke fundi wa banjo?" Alicheka bila furaha. "Nionyeshe."

"Keti basi."

Nilimsogezea kigoda, nikakiweka ili mgongo wake uelekee pazia. Aliketi. Niliigeuza banjo huku kiganja changu kimefunika maandishi. Nikasema, kama ninayefundisha, "Kwanza tunasafisha ngozi." Nikachovya kitambaa kwenye bakuli la maji nikasugua.

Ngozi ya banjo haisuguliwi kwa maji. Nimewakataza miaka yote na bado nawakataza. Lakini siku ile nilisugua, na mwandiko ule mzuri ukayeyuka chini ya kidole changu: Gatete kwanza, kisha Mwalimu, na mwisho Lazaro. Nililisugua jina la mtu mwema likaisha, huku nikieleza kuhusu vumbi.

Kisha nikaanza uzi wa kwanza. Nikautoa, nikafunga mpya, nikaukaza. Nyuma ya pazia Esperansi akakohoa.

Nikapiga uzi kwa nguvu zangu zote. Nikapiga tena.

"Mbona unapiga hivyo?" askari aliuliza.

"Uzi mpya ni mkaidi, afande. Lazima uchoshwe kwanza."

Aliinama kuangalia vidole vyangu. "Baba yangu anapiga inanga," alisema ghafla, kwa Kirundi, akitaja kile chombo chetu cha ubao na nyuzi. "Yeye uzi wake ni mmoja mrefu, unakwenda na kurudi."

"Basi anajua kazi kunishinda," nilimjibu kwa Kirundi hicho hicho. "Huo ukikatika, umekatika wote."

Akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Alikuwa amesahau alichokuja kufanya, au alitaka kukisahau. Sikumjua vya kutosha kusema. Nikafunga wa pili, nikaupiga mpaka kigoda kikatetemeka. Nikafunga wa tatu. Sikusikia tena kikohozi, na sikujua kama mama amemziba mtoto mdomo au wametoka. Nikaendelea. Wa nne nilifunga polepole kuliko uzi wowote wa maisha yangu.

Alisimama. Macho yake yakashuka kwenye kitambaa kilichokuwa miguuni pangu. Kilikuwa cheusi kwa wino. Akanitazama.

"Ngozi ilikuwa chafu," nilisema.

Alirekebisha mkanda wa bunduki begani. "Ilikuwa chafu," akarudia. Akatoka, akamwambia mwenzake barabarani kwamba humu hamna kitu. Nilipofunua pazia, jiko lilikuwa tupu na mlango wa nyuma wazi.

Walivuka. Habari hiyo Ramadhani aliniletea kesho yake. Mwalimu Lazaro hakurudi, wala hakuna aliyetuonyesha kaburi. Kwenye rafu yangu vilibaki vyombo ambavyo wenyewe hawakuja kuvichukua. Mwaka baada ya mwaka nilivipangusa vumbi. Sikuuza hata kimoja. Kazi iliendelea, kwa sababu wapigaji wapya walikuja na nyuzi zao zilizokatika. Nilifanya kazi nzuri katika miaka ile, pengine kuliko yote, na sioni aibu kusema hivyo. Mtu akiwa na kitu cha kufanya kwa mikono anaweza kuupita mwaka mbaya.

Watu walipoanza kurudi kutoka Tanzania, mama mmoja wa makamo alisimama mlangoni kwangu. Alinisalimu kwa Kirundi, "Amahoro, mama," kwa lafudhi ya huko. Alikuwa na urefu wa baba yake, kwa hiyo hakuhitaji kujitambulisha. Nilimkalisha Esperansi, nikamwambia Konsolata alikuwa mcheshi, akanijibu kwamba alibaki hivyo mpaka alipofariki ukimbizini. Kisha nikaishusha banjo.

Nilimwambia kabla hajaigusa, kwa sababu nilikuwa nimelibeba muda mrefu. "Palikuwa na jina la baba yako hapa. Mimi ndiye niliyelifuta."

Alipapasa mahali pale. Doa la maji lilibaki kwenye ngozi, pamefifia kuliko pengine.

"Tunajua," alisema. "Mama alituhadithia kila mwaka. Alisema tulitoka mlango wa nyuma ulipokuwa unapiga ule wa kwanza, na kila uliposikika mwingine alijua askari bado ameketi, tukapiga hatua tena. Wa nne tuliusikia tukiwa kwenye michikichi karibu na maji. Mama alisema hajawahi kusikia banjo iliyopangwa vizuri namna ile."

Nilitaka kulia, lakini kwanza ilibidi niseme ukweli wa kazi.

"Mama yako alikuwa mkarimu," nilimwambia. "Ule wa tatu niliupandisha mno. Nimeusikia tangu siku ile."

Esperansi alicheka, kicheko cha mama yake hasa, akanikabidhi banjo. Nikaushusha ule wa tatu.